Koroga, Da Mkubwa

Juzi mtoto wa kaka kaniuliza, "Shangazi, moda hulipwa?" Rafikiye wa chuo amefikisha wafuasi 1,000, TikTok imemfungulia laivu, na yeye kapewa kazi ya kuchunga komenti. Nikamwambia hulipwa futari. Hakuelewa, na kisa chenyewe sikumpa kwa vile mamake alikuwa amekaa palepale.

Ni mwaka ule wa korona, wa kufungwa Mji wa Kale wa Mombasa. Kafyu ilianza Machi 2020, kisha Mei 6, katikati ya Ramadhani, sisi na Eastleigh ya Nairobi tukafungiwa kabisa: hatoki mtu, haingii mtu. Idi ikatukuta humo. Da Mkubwa, aliyezoea kuuza futari barazani, akabaki na masufuria na hasira. Ndipo akaanza kupika laivu kila alasiri, mimi mshika simu na mfuta matusi.

Watu walikuja, wangu! Maskati, Toronto, London, waliohama Kibokoni zamani. Mmoja aliomba nigeuze simu dirishani aone uchochoro tu. Nikageuza. Paka kalala ngazini, basi. Mioyo iliyomwagiwa yule paka Da Mkubwa hajawahi kuipata.

Siku hiyo ulikuwa muhogo wa nazi. Tui zito limeshatiwa, saa ambayo mwiko hauachiwi. Akaunti isiyo na picha ikaandika: "Litakatika kama ndoa yako."

Talaka haikuwa imetimiza mwezi. Walioijua ni nyumba mbili tatu, yetu na ya kaka zikiwemo. Vikatuni vya kucheka vikafuatana, na mtu akauliza, "Kumbe kaachwa?"

Da Mkubwa alikuwa akisoma. Mwiko ukasimama. Kidole changu kilikuwa juu ya jina lile lakini sikubonyeza, nilikuwa nikimtazama yeye: jasho juu ya mdomo, leso imemteleza begani, macho hayapepesi. Sufuriani tui likaanza kuinuka kandokando.

Yule wa Maskati akaandika, "Koroga, mwanangu."

Mwingine, "Koroga, Da Mkubwa." Mwingine "Koroga!" tu. Wakaja mfululizo, hata wasiokuwa wakiandika siku zote, mpaka tusi na vicheko vyake vikasukumwa juu vikatoka kwenye kioo. Akakoroga. Hakusema neno. Tui lilikuwa limeshakatika kidogo upande wa ukutani, nililiona, ila simu haikufika huko.

Nikamzuia yule mtu, tukafunga laivu, adhana ikalia. Da Mkubwa akatafuna tende polepole.

"Umemtoa?"

"Nimemtoa."

"Mrudishe. Na yeye kafungiwa kama sisi, aende wapi?"

Nikasema haya.

Sikumrudisha. Wale wa Maskati na Toronto sikuwahi kuwaona sura, na hata majina yao ya kweli siyajui. Huyu pengine alikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya chakula anachokitukana, na pengine Idi ilipofika nilimpokea sahani ya vileja mlangoni nikamwambia Mungu akuzidishie. Da Mkubwa hushikilia kwamba ilikuwa njaa tu, maana saa kumi na moja na nusu ya Ramadhani mtu hutukana hata kivuli chake. Labda. Yeye mpaka leo anadhani nilimfungulia usiku uleule, na hapa huwa hasomi, hudai naandika marefu.