Mpangaji anayesema ana kunguni namshukuru

Mpangaji akinigongea mlango na kuniambia "mama, chumbani kwangu kuna kunguni," namwambia ahsante kabla sijasema lolote. Anayenipa shida ni yule anayenyamaza. Usiku anajikuna, mchana anavaa mikono mirefu, ananunua kopo la dawa pale Majengo na kupulizia mlango ukiwa umefungwa. Wadudu waliokoswa wanapita kwenye ufa wa ukuta, wanahamia kwa jirani. Nina vyumba sita vya mstari mmoja hapa Nkuhungu, Dodoma, na dari ni moja juu ya vyote. Kunguni wa chumba cha tatu ni kunguni wa mstari mzima.

Aibu ndiyo inayowalea. Watu wanaamini kunguni ni wa mtu mchafu. Basi chumba kisafi kuliko vyote nilivyowahi kupangisha, cha dada mmoja mtumishi aliyehamishwa na ofisi yao kutoka Dar, ndicho kilichokuwa nao wengi. Kunguni hali makombo wala hafuati taka. Anafuata joto la mwili na pumzi unayotoa, na hivyo msafi anavyo na mchafu anavyo. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, mji umekuwa wa kuhama na kuhamia: fuso linashusha mzigo Kizota, linapakia mwingine Ipagala, makochi ya watu watatu yamelaliwa na godoro la wa nne. Kwa kuwa hawana mabawa na hawaruki, hapo ndipo wanapopata usafiri.

Sasa, kujua kama ni wao. Alama za mwilini zisikupeleke mbio. Mbu wanauma, na joto la Novemba nalo linatoa vipele. Ni kweli mara nyingi kunguni huacha vipele vitatu vinne vilivyojipanga mstari, hasa mikononi na shingoni, lakini wapo watu wanaoumwa ngozi isioneshe kitu. Nimeona mume na mke wa kitanda kimoja, mke kavimba, mume anamwambia anajitungia. Ushahidi uko kitandani.

Naingia mchana, tochi ya simu mkono mmoja, kitambulisho kilichokwisha muda mkono wa pili. Shuka linatolewa, godoro linasimamishwa ubavu. Pembeni pana ule mshono mnene unaolizunguka. Naufunua kwa kucha, napitisha kona ya kitambulisho taratibu. Kwanza vinatokea vidoa vyeusi, kama mtu kagusisha ncha ya kalamu ya wino. Ni kinyesi chao, damu iliyokwisha kusagwa. Nikifuta kwa kitambaa kibichi, doa linatapakaa na kuacha rangi ya kahawia. Kisha magamba makavu, maana kunguni mdogo hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa, na kila hatua inadai mlo wa damu. Mayai ni meupe, yana urefu wa milimita 1 hivi, yamegandishwa. Ukipuliza hayaendi popote. Mkubwa mwenyewe ni bapa, wa kahawia, milimita 5 hivi, na akishashiba hurefuka akawa mwekundu. Ukimponda, harufu yake haikuachi na shaka.

Godoro likiwa safi usishangilie. Toa chaga zote. Pale chaga zinapokalia ubao, kwenye matundu ya skrubu na nyuma ya kichwa cha kitanda, ndiko wanakojazana. Halafu pindo la neti, mikunjo ya pazia, nyuma ya soketi. Watu wananiuliza iweje wakae kwenye chandarua chenye dawa. Dawa ile ni ya ukoo mmoja na ya makopo mengi ya dukani, na kunguni wengi wa siku hizi haiwashtui. Neti usiitoe kwa sababu hiyo. Kunguni hajulikani kueneza ugonjwa, mbu anajulikana.

Bibi yangu kule Mvumi hakuwa na kopo. Kitanda chake cha kamba alikitoa uwanjani, akakibamiza tendegu moja baada ya jingine huku kuku wakidonoa, kisha akamwaga maji ya moto kwenye maungio. Mimi mpaka leo naanzia hapo. Siku ya mgao wa maji tunajaza sufuria kubwa, jiko la mkaa liko nje, kitanda kimefunguliwa vipande kwa spana, na kila tundu linanyweshwa kwa birika. Joto la nyuzi 50 likimfikia anakufa, na yai lake pia; dawa nyingi za kupulizia yai haziliwezi. Mashuka yanachemshwa, nguo zisizochemshika zinapigwa pasi ya moto kwenye mishono. Jua la Dodoma nalipenda, ila godoro likianikwa, kunguni huhamia upande wa kivuli, na katikati ya sponji joto halifiki huko. Naanika, nageuza, nasugua mishono kwa brashi. Kulitegemea jua peke yake, hapana.

Mafuta ya taa ya kupaka kitanda siruhusu, nyumba itaungua. Wala dawa ya nyanya au ya kuogeshea ng'ombe iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, mtu anataka kulala juu yake na mtoto.

Kuna fundi alinipulizia vyumba vyote, akapokea hela yake yote, akasema laleni kwa amani. Kwenye joto letu hili yai linaanguliwa kati ya siku 6 na 10. Wadogo walipotoka, simu yake ikawa haipatikani. Sasa fundi anapata nusu, nusu nyingine akirudi baada ya wiki mbili, na hakuna chumba kinachorukwa, hata cha anayeapa hajaumwa.

Dawa nalipa mimi, mpangaji anatoa nguvu zake. Wenye nyumba wenzangu wananicheka kwa hilo. Lakini mpangaji akijua atatozwa atanyamaza, na mimi nitakuja kujua wakati wameshafika chumba cha sita. Nyufa za lipu naziziba kwa simenti nyeupe kila chumba kinapobaki wazi, na mzigo wa mgeni unashukia uwanjani kwanza. Kochi la mtumba linapinduliwa, kitambaa cha chini kinafunguliwa kona moja nichungulie. Juzi kijana mmoja aligoma, akasema kochi kapewa na mjomba wake. Nikamwambia mjomba namheshimu, pindua kochi.