Zamu ya mchana kwenye Mlango wa Drake: siku moja ya kupima mkondo unaoizunguka Antaktika

Mstari tunaoupima unakatiza Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika. Unaanzia Burdwood Bank, kusini mwa Visiwa vya Falkland, na kuishia karibu na Elephant Island, jirani na ncha ya Rasi ya Antaktika. Ni kilomita 700 hivi zenye vituo 30. Wataalamu wa bahari wanauita SR1b, na tangu 1993 umepimwa karibu kila kiangazi cha kusini. Maji yanayokatiza hapa ni mkondo mkubwa kuliko mingine yote duniani. Swali ni moja: unabadilika, au ni vifaa vyetu vinavyobadilika? Sehemu kubwa ya siku huliwa na nusu ya pili ya swali hilo.

Saa 12:00 asubuhi. Kupokezana zamu. Kila zamu ni ya saa kumi na mbili, na meli hailali. Kabla ya skrini husomwa daftari: kituo kilichopita kilikwendaje, chupa gani ilivuja, winchi ilisumbua kwenye kina gani. Meli inafuata saa za Falkland, lakini data zote huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo saa tatu mbele. Anayechanganya saa hizo mbili huharibu kazi kimyakimya, maana mkondo wa kujaa na kupwa hauwezi tena kuondolewa sawasawa kwenye vipimo.

Saa 12:40. Kuandaa fremu ya CTD, kifaa cha kupima chumvi, jotoridi na kina. Pembeni ina chupa 24 za lita 10. Chini ya chupa kuna vihisi vya mgandamizo, jotoridi na upitishaji umeme, ambao ndio unaotupa kiasi cha chumvi. Jotoridi na upitishaji umeme vina vihisi jozi mbili, ili jozi moja ikidanganya nyingine iseme. Kila chupa hufunguliwa juu na chini, kamba zake hutegwa kwenye kufuli, bomba hufungwa, tundu la hewa hukazwa. Tundu lililosahaulika huvujisha chupa njiani kupanda, na maji ya mita 3,000 yanafika sitahani yamechanganyika na ya mita 500. Seli ya upitishaji umeme ni ya kioo. Hewa ikiwa chini ya sifuri na maji yakabaki ndani, hupasuka. Kwa hiyo fremu hukaa ndani hadi dakika ya mwisho.

Saa 1:15. Kushusha. Hapa anayeamuru ni serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, si mwanasayansi. Fremu inateremshwa hadi mita 10 na kusubiri hapo, kwa sababu pampu za vihisi haziwaki hadi zionje maji ya chumvi kwa kama dakika moja. Zikishawaka, inapandishwa karibu na uso, kisha inaanza safari: mita 30 kwa dakika mwanzoni, halafu 60. Mawimbi yakiwa makubwa kasi hupunguzwa. Meli ikilala upande wa winchi, fremu haiwahi kushuka kwa kasi ileile. Waya unalegea, kisha unakazwa ghafla meli inapoinuka. Mshtuko wa namna hiyo hutia waya kikunjo, na kikunjo kikitokea, mita kadhaa hukatwa na kichwa cha waya kufungwa upya. Siku nzima inaweza kwenda hapo.

Saa 1:30 hadi 4:20. Kina ni kama mita 3,500, na vihisi vinasoma mara 24 kwa sekunde. Upande huu wa kusini bahari imepangwa kinyume na mazoea yetu ya kitropiki: juu kuna maji baridi yenye chumvi kidogo, chini yake tabaka baridi zaidi lililobaki tangu majira ya baridi, kisha unaposhuka joto linapanda hadi karibu nyuzi 2, na karibu na sakafu linaweza kuwa chini ya sifuri tena. Mistari ya jozi mbili za vihisi ikiachana ghafla, mara nyingi kiwavi-bahari au uchafu umenaswa kwenye mdomo wa pampu. Hilo si ugunduzi.

Fremu husimamishwa mita 10 juu ya sakafu, kwa kufuata mwangwi. Wakati wa kupanda husimama kila kina kilichochaguliwa, husubiri sekunde 30 ili maji ya pale yaioshe chupa, ndipo chupa hufungwa. Za kupimia chumvi hufungwa pale ambapo chumvi haibadiliki haraka kwa kina, vinginevyo ulinganisho hauna maana.

Saa 4:30. Kuteka sampuli. Gesi kwanza, chumvi mwisho. Chupa ndogo ya kioo ya mililita 200 husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, hujazwa hadi begani, shingo hukaushwa, kizibo, kifuniko. Shingo isipokaushwa, chembe za chumvi hubaki pale na kudondokea ndani siku ya kupima.

Msisitizo huu una hesabu yake. Chumvi ikikosewa kwa 0.002 tu kwenye ncha moja ya mstari, safu ya maji ya mita 4,000 inaonekana nzito kuliko ilivyo, na kadirio la mkondo linakosea kwa takriban Sverdrup 1, yaani mita za ujazo milioni moja kwa sekunde. Hiyo inakaribia mito yote ya dunia ikijumlishwa.

Saa 6:00 mchana. Chakula, huku meli ikielekea kituo kinachofuata.

Saa 7:30. Kuokota kipima mgandamizo kilichokaa sakafuni miaka miwili. Kinaitwa kwa sauti: kifaa cha mawimbi ya sauti huning'inizwa majini na kutuma namba ya siri, kufuli hujibu, kisha huachia uzito wa chuma unaobaki chini. Kutoka mita 3,000 hupanda kwa kama mita moja kwa sekunde, hivyo macho yote hutazama baharini kwa karibu saa moja. Kina redio, taa na bendera. Kisipojibu, injini na vipima kina vya meli huzimwa kwanza, maana kelele zao humeza jibu.

Kihisi chake cha fuwele ya kwatzi huona badiliko la usawa wa bahari lililo dogo kuliko milimita moja. Kina sifa nyingine nzuri: hewa yenye mgandamizo mdogo inapopita, uso wa bahari huinuka sentimita 1 kwa kila hektopaskali iliyopungua hewani, lakini mgandamizo sakafuni karibu haubadiliki. Ubaya ni kwamba fuwele huhama yenyewe, wakati mwingine sentimita kadhaa kwa mwaka, na zaidi miezi ya mwanzo. Sentimita 1 ya tofauti kati ya ncha mbili za mlango huu, mkondo ukiwa umeongezeka sawasawa juu hadi chini, ni karibu Sverdrup 3. Kwa hiyo kipya hutegwa kabla ya cha zamani kuokotwa, vipimo vipishane kwa muda.

Saa 10:00. Maabara ya chumvi. Chupa za jana zimekaa saa 24 zizoee joto la chumba. Beseni la mashine ya kupimia chumvi liko nyuzi 24, chumba kikiwa nyuzi 1 hadi 2 chini yake. Maji ya kiwango cha kimataifa, ambayo chumvi yake inajulikana, hupimwa mwanzo na mwisho wa kila kreti ya chupa. Mlango wa maabara ukiachwa wazi, usomaji unatangatanga. Kiputo kikiingia kwenye seli, namba zinarukaruka.

Saa 11:00 jioni. Data. Kipima mgandamizo kinafaa kwa mabadiliko ya wiki hadi mwaka: pepo za magharibi zikikaza, maji ya juu yanasukumwa kaskazini, usawa wa bahari pwani ya Antaktika unashuka na mkondo unaongeza kasi. Kwa miongo hakifai, kwa kuwa kila kinapotegwa hutua kwenye kina kingine. Huko tunategemea mstari huu, na wastani wake wa Sverdrup 136 hivi haujaonyesha ongezeko kubwa ingawa pepo zimezidi nguvu. Nguvu ya ziada inaishia kwenye vizingia vya maji. Watafiti wa Marekani walipata Sverdrup 173 kwa vifaa vya sakafuni vya 2007 hadi 2011, na wapo wanaosoma hapo kwamba mkondo umekua. Haujakua. Walipima pia mwendo wa karibu na sakafu, ambao njia ya CTD peke yake haiuoni.

Kwa miongo pia kuna vipimo vya usawa wa bahari vya pwani, vyenye faida ya alama za kulinganishia zilizochongwa mwambani. Baharia mpelelezi Mwingereza James Clark Ross aliacha za kwake Port Louis, Falkland, mwaka 1842, na zimesaidia kuonyesha kupanda kwa bahari kwa karibu milimita 0.75 kwa mwaka hadi miaka ya 1980 mwanzoni, kisha karibu 2.5 tangu 1992. Ila mwamba nao hutembea: baada ya Larsen B, rafu ya barafu ya Rasi ya Antaktika, kuvunjika 2002, ardhi penye kituo cha utafiti cha Palmer kwenye rasi hiyo ilianza kuinuka karibu milimita 9 kwa mwaka. Kipimo cha pwani kisicho na GPS jirani yake hapo kingetangaza kwamba bahari inashuka.

Saa 12:00 jioni. Daftari kwa zamu ya usiku: chupa namba 9 inavuja bombani, ibadilishiwe mpira. Jozi ya pili ya vihisi inasoma chumvi 0.001 juu ya ya kwanza. Isirekebishwe hadi kreti ya leo ipimwe.