Mama Katikati ya Alizeti

Baba alipofariki, hatukuwa na picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Tulipekua makabati na masanduku, hola. Mwishowe tukakuza ile ya kitambulisho: nyeusi na nyeupe, shati limefungwa hadi kooni, macho makavu. Mzee wetu alikuwa mtu wa vicheko, lakini wajukuu waliozaliwa baadaye wanamjua kwa uso huo. Najua familia nyingi hapa Nairobi zimefika papo hapo.

Basi Desemba hii, ndugu zangu wote wakiwa wamekuja likizo, niliwaomba tupige picha na Mama, nje, penye hewa na rangi. Tulikwenda shamba moja la alizeti upande wa Ngong. Mwenyewe hulima za mafuta ya kupikia. Alipanda mvua za vuli zilipoanza, na maua hayangoji mtu, baada ya wiki mbili tatu vichwa vinaanza kuinama. Tulimlipa, akatutaka tupite kati ya mistari tu, tusivunje shina hata moja. Na ana haki, hayo ndiyo mavuno yake.

Alizeti changa hufuata jua kutwa nzima, lakini zikikomaa hutulia zimetazama mashariki. Jua la asubuhi huzipasha joto mapema na nyuki huzijia kwa wingi. Kwa mpiga picha, hiyo ni bahati ya jioni: akielekeza kamera magharibi, maua yote yanamtazama yeye, na jua linabaki migongoni mwetu, linang'arisha kingo za nywele na mabega, wala hakuna anayekunja uso. Mchana usijaribu. Jua letu huwa juu sana, macho yote yanakuwa vivuli. Ila hiyo nuru nzuri ni ya muda mfupi. Huku karibu na ikweta jua halitui kwa mzunguko mrefu, linashuka wima, na ikifika saa moja kasorobo limeshazama.

Sare nilizikataa. Familia iliyovalishwa sawasawa huonekana imeajiriwa. Niliomba tu watu waepuke kijani, wasimezwe na majani, na nyeupe, kwa sababu chavua ya alizeti ikishika kitambaa, ni kazi. Mama alikuja na kitenge chake cha buluu na kilemba. Tulimwekea kiti katikati.

Kijana wa kamera, aliyekuja na matatu ya Ngong, ile ya namba 111, akiwa na begi lake mgongoni, alianza kwa heshima: "Shosho, tabasamu kidogo." Mama akazidi kukaza uso. Rika lake walifundishwa kwamba picha ni jambo la kusimama imara, mtu asionekane wa mchezo. Kijana hakumsumbua tena. Alirudi nyuma hatua chache, akainama, akangoja.

Ndipo mpwa wangu mdogo akatokea kwenye mistari, pua yote njano, anauliza kama mbegu zimeiva. "Wewe nawe, umeupaka nini huo uso?" Mama akamvuta, akaloweka ncha ya leso kwa mate, akaanza kumfuta, huku mtoto akijinyonga na kucheka na Mama naye akicheka kwa sauti. Kamera ililia mfululizo.

Nimezipeleka kuchapishwa kwenye karatasi nzuri. Simu huibiwa, huanguka majini, nywila husahaulika, na picha zote zinakwenda nazo. Kabla ya hapo nilimpa Mama achague. Alikaa nazo muda mrefu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akaweka kidole juu ya ile ya leso.

"Hii ndiyo ya ukutani. Ile ya kujipanga mpelekee shangazi yako, yeye anapenda watu waliosimama wima. Na ongeza moja ya mtoto, aende nayo kwao."