Mhimili wa Z uliokuwa unachoka baada ya dakika 40

Asubuhi mashine yetu ya kukata chuma inakata vizuri kabisa. Ikitimia kama dakika 40, kichwa, yaani sehemu inayoshika kikataji, kikiwa kinapanda, inasimama na kuandika kwenye skrini kwamba mota ya Z, ile inayopandisha na kushusha kichwa, imezidiwa na mzigo. Ukiizima, ukaenda kunywa chai, ukirudi inakubali tena. Hitilafu ya joto ni kama mtoto anayelia usiku tu: ukimpeleka kwa daktari mchana, anacheka.

Kila aliyepita alisema ni mafuta. Tukafungua vifuniko, tukakagua mirija. Mafuta yanafika kwenye reli zote. Siku ya kwanza ikaishia hapo, na mikono michafu.

Siku ya pili ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho, kusoma namba. Skrini yetu huonyesha mzigo wa kila mota kwa asilimia. Sasa, Z ina jambo ambalo X na Y, mihimili ya kwenda pembeni, hazina: inabeba. Mashine hii haina uzito wa kusawazisha, kwa hiyo mota yenyewe ndiyo inayoning'iniza kichwa. Kikipanda kwa mwendo wa taratibu usiobadilika, mota inapambana na uzito pamoja na msuguano. Kikishuka, msuguano unaipunguzia kazi. Basi jumlisha namba ya kupanda na ya kushuka, gawa kwa 2, umepata uzito. Toa ya kushuka kwenye ya kupanda, gawa kwa 2, umepata msuguano.

Asubuhi nilisoma 38 kupanda, 26 kushuka. Baada ya dakika 40: 71 kupanda, na hasi 8 kushuka, yaani mota ilikuwa inakisukuma chini kitu ambacho kingetaka kuanguka chenyewe! Uzito ni uleule, karibu 32. Msuguano umetoka 6 hadi karibu 40. Kuna kitu kinashika.

Nikaweka gogo la mbao chini ya kichwa kabla ya kugusa boliti hata moja. Hili sibishani na mtu: ukiitoa mota ya Z, umeitoa na breki yake, na kichwa hakisubiri uondoe mkono. Mota ilipotoka, skrubu ya mipira, ile inayopandisha kichwa, nikaizungusha kwa spana, kichwa kikapanda bila kukwama popote. Mota nayo mezani, breki yake nikaipa volti 24 kutoka chanzo kingine, shafti ikazunguka laini.

Nikapima plagi ya breki inayotoka kwenye kabati la umeme. Volti 24.1. Nikaridhika, na hapo ndipo nilipokosea. Kijana ninayemfundisha kazi akauliza, "Fundi, ikiwa imechomekwa inasoma ngapi?" Nilitaka kumjibu kwa ukali kidogo, nashukuru sikumjibu. Tukaichomeka, tukapima kwa nyuma ya plagi: 16.8.

Rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha breki. Ncha zake zilikuwa zimeungua nyeusi. Bila mkondo kupita, ncha mbovu huonyesha volti zote. Koili ya breki, waya uliozungushwa unaoivuta iachie, ikianza kuvuta mkondo, volti zinapotelea hapo hapo. Breki ya aina hii huachia kwa umeme na kushika umeme ukikatika, kwa hiyo 16.8 ilikuwa inaiachia kwa shida tu. Koili ikipata moto, ukinzani wake unapanda, mkondo unapungua, breki inaanza kuburuza. Dakika 40 zilitoka hapo.

Nilibadilisha rilei, nikaweka na dayodi, kifaa cha kuzima cheche, kwenye koili ya breki, maana aliyejenga kabati hili hakuiweka, na cheche za kila kuzima ndizo zilizokula ncha. Baada ya saa mbili za kukata chuma nilisoma 39 na 26.

Kilichobaki ni diski ya breki, iliyoburuzwa sijui wiki ngapi. Kila jioni naweka geji ya saa, kipimo cha mwendo mdogo sana, chini ya kichwa, nabonyeza kitufe cha dharura ili breki ishike, naangalia sindano. Jana ilishuka sehemu 1 ya mia ya milimita, ikatulia. Gogo bado liko karibu na mashine.