Boksi mapajani toka Tabora mpaka Kasulu

Tuliondoka Tabora usiku kwa treni, mi nimelipakata boksi kama mtu aliyepakata kichanga, jirani yangu wa siti akanitazama weee mwisho uvumilivu ukamshinda, "Kaka humo una vifaranga?" Nikacheka, nikamwambia hapana, ni mashine za presha tatu, vipimajoto na glavu, tumechanga kwenye grupu letu la WhatsApp tuliosoma wote sekondari, nawapelekea watu fulani huko ndani Kasulu, kijiji kinawafanyia sherehe. Akasema basi weka juu huko ulale. Sikuweka.

Urambo tulipita usiku, giza tupu, ila kila nikipita pale lazima nikumbuke ule mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, matrekta na mamilioni ya pauni, halafu karanga zenyewe hola. Nawaza hivyo huku nimepakata vitu vya mchango wa elfu tano tano. Kulikucha tukiwa Nguruka, wamama madirishani na ndoo zao, na Uvinza nikanunua chumvi kilo tano maana mke wangu haamini chumvi nyingine. Hiyo chumvi muiweke akilini.

Kigoma mjini sina la kusema sana, reli imeishia pale tangu 1914 na ukitoka stesheni ziwa hilo hapo mbele yako. Nikala mgebuka na ugali wa muhogo, nikalala. Asubuhi nikadaka mchomoko wa Kasulu, tumebanana watu wanne siti ya nyuma na boksi langu la tano, barabara inapanda tu milima, migomba kila upande, na ubaridi ambao mtu wa Tabora hauelewi kabisa. Kasulu nikabadilisha gari mpaka Makere, Makere nikachukua boda. Dogo wa boda akanishauri lile boksi tulifunge na mpira nyuma, nikakataa, kwa hiyo nimelishika mkono mmoja, mkono mwingine nimemshika yeye, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Sasa hawa watu ni kina nani. Ni kaasasi kadogo tu, makao yake ni ghala la zamani la mazao, kameanzishwa na mama mmoja nesi mstaafu ambaye kijiji kizima kinamwita Bibi Nesi, na mwalimu wa kemia. Wanachukua vijana wa kidato cha tatu na cha nne wa vijiji vya jirani, wikiendi wanawapiga fizikia, kemia na biolojia, maana ukikosa hata D kwenye hizo tatu chuo cha utabibu usahau. Lakini masomo ndo sehemu nyepesi bwana. Kazi yenyewe iko kwenye makaratasi. Mtoto amezaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa hana, na bila cheti kilichohakikiwa RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, mkopo wa chuo hapati, na kule mpakani na Burundi ukienda kuomba vitambulisho unaulizwa mpaka babu yako alichimba kisima wapi. Bibi Nesi ana daftari kubwa la kaunta, kila mtoto na ukurasa wake: cheti bado, baba kasaini, nauli nusu, jina limekosewa herufi moja rudi wilayani.

Hapo kwenye herufi moja nilinyamaza kidogo. Mdogo wangu alifaulu vizuri tu, akaenda steshenari kuombewa chuo, jamaa akajaza namba ya mtihani kimakosa, sisi tunasubiri majina yatoke tukidhani mambo safi kumbe hakuna ombi lililofika. Mwaka ukaenda, akaoa, saivi analima tumbaku. Angekuwa na mtu wa daftari yule!

Ndani ya ghala nikakutana na Mzee Kiroba. Ni gunia limeshindiliwa maganda ya mahindi, limevalishwa shati la mikono mirefu na suruali, kichwa ni kibuyu, limelala kitandani limefunikwa shuka safi kuliko la gesti niliyolala. Vijana wanajifunza kumwogesha, kumtandikia shuka bila kumshusha kitandani, kumgeuza ubavu kila masaa mawili asipate vidonda vya mgandamizo. Kuna karatasi ukutani ya zamu za kumgeuza! Nikamuuliza dogo mmoja, na usiku je? Akanijibu serious kabisa, usiku ndugu zake wanamwangalia.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kumpokea binti wa kwanza wa pale kupangiwa kazi zahanati ya kijiji hicho hicho, wazee wakasema hatuwezi kumpokea mtoto bila kumshukuru aliyemlea. Ilichelewa masaa mawili, nani anajali. Watu wanasalimiana mwidiwe mwidiwe huku wanapiga makofi taratibu, ngoma zipo, mwenyekiti wa kijiji akakabidhi mbuzi, dumu la mawese, wamama wakamvika Bibi Nesi kitenge juu ya kitenge mpaka akawa kama mzigo wa mtumba. Alikataa kukaa meza kuu, alikaa na wanafunzi wake. Akapewa kipaza sauti tukajua sasa tutalala hapa, kumbe:

"Wanangu asanteni kwa mbuzi. Ila ghala linavuja. Mzee Kiroba ameloa mara mbili mwaka huu. Mi naomba bati."

Watu wakaangua kicheko, halafu babu mmoja akasimama akasema mi naleta mbili, mwingine akasema nne, ikageuka harambee pale pale, mwalimu wa kemia anaandika nyuma ya lile lile daftari.

Boksi likafunguliwa hapo hapo, hawakusubiri hata kesho. Foleni ya wazee ikajipanga chini ya mwembe, na mi nikasukumwa kwenye kiti. Aliyenipima ni binti yuko mwaka wa pili uuguzi, yuko likizo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Usipishanishe miguu baba. Tulia kwanza dakika tano. Na usiongee."

Mi naongea. Akanitazama, nikanyamaza. Mashine ikabana mkono, ikapumua, akaandika bila kubadilisha uso: 158 kwa 96. Akanipima tena baada ya muda, ikashuka kidogo tu. Akasema hii ukifika kwenu ukapimwe tena hospitali siku tofauti tofauti usipuuzie, halafu akauliza kwa adabu zote, "Chakula chako baba, chumvi unaweka nyingi?"

Begi lenye kilo tano za Uvinza lilikuwa katikati ya miguu yangu. Nikalisukuma chini ya kiti kwa kisigino.