NVDA ilikuwa kimya kwenye PDF za maktaba: imetatuka

Wakutubi wenzangu, huenda hili likawaokolea muda. Wasomaji wetu wasioona wanatumia NVDA, programu ya bure inayosoma kilicho kwenye skrini. Intaneti ilisomwa vizuri, ila vitabu tulivyoskani vilitoa vurugu: kurasa nyingine kimya, nyingine maneno yaliyovunjika.

Tulisakinisha NVDA upya, tukabadilisha vipokea sauti, tukaongeza hata ubora wa skani. Wapi!

Tatizo lilikuwa ndani ya faili. Skani ni picha tu, na maandishi yaliyofichwa nyuma ya baadhi ya kurasa yalitambuliwa kwa mpangilio wa Kiingereza. Kilichofanya kazi, kwenye kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu (Linux):

Kwanza nilisakinisha ocrmypdf, programu inayotambua maandishi kwenye picha za PDF (OCR), pamoja na tesseract-ocr-swa, kifurushi chake cha lugha ya Kiswahili. Kisha:

ocrmypdf -l swa --force-ocr --deskew kitabu.pdf kipya.pdf

Angalia hiyo "-l swa". Usipoiandika, programu inachukulia kuwa ni Kiingereza. Na bila --force-ocr inakataa faili lenye maandishi tayari, ndiyo maana majaribio yangu ya awali ya ocrmypdf yaligoma. --deskew hunyoosha kurasa zilizopinda.

Mwisho, kwenye NVDA chagua eSpeak NG, kisomaji kinachogeuza maandishi kuwa sauti, halafu sauti ya Kiswahili. Sauti ya Kiingereza inaharibu hata maandishi safi. Neno "ng'ombe" ndilo kipimo changu cha matamshi.

Majedwali bado yanachanganya mpangilio. Hayo nayarekebisha kwa mkono.