Kliniki ya jirani nimeiacha
Kliniki ya kwanza ilikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, Bronx, New York. Mimi ni mwanamke trans; karani aliniita kwa jina la zamani, la kiume, kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka. Mara tatu! Shoga yangu (kwa maana ya bibi zetu wa Mombasa) akaniambia, "Panda treni mwaya, nenda Callen-Lorde."

Ni kliniki ya watu wa LGBTQ, iko Manhattan, West 18th Street. Malipo hufuata kipato, na hawadai barua ya daktari wa akili: unaelezwa faida na madhara ya homoni, ukiridhia unatia sahihi. Nami nikauliza kuhusu vipimo vya damu. Spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, yaweza kupandisha potasiamu kwenye damu, lazima ipimwe. Kule jirani hakuna aliyenitajia hilo hata siku moja.